Lemera: wakati muganga mkubwa alikuwa kijijini

Ukitaja Lemera mbele ya watu wa Uvira, wengi watakumbuka kwanza mapatano ya Oktoba 1996, yale yaliyozaa AFDL ya Laurent-Désiré Kabila. Wachache watataja hospitali. Hata hivyo, historia ya hospitali ile inajibu swali ambalo tunaulizana mara nyingi hapa Rugenge: kwa nini mtu wa kijijini anakufa kwa ugonjwa ambao mtu wa mjini anapona?

Lemera iko milimani, katika usheferi wa Bafuliiru, teritware ya Uvira. Hospitali yake ilitokana na kazi ya wamisionere Wapentekoste kutoka Uswidi, waliofika Kivu katika miaka ya 1920. Mwaka 1983 muganga kijana, Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu aliyesomea Burundi, alianza kazi huko. Nia yake ilikuwa kutibu watoto. Lakini aliona akina mama walioshindwa kuzaa nyumbani wakifika baada ya safari ndefu ya milimani, damu inawatoka, wengine wamechelewa kabisa. Akabadili njia. Alienda Angers, Ufaransa, kujifunza mambo ya uzazi, na mwaka 1989 akarudi. Hakubaki Ulaya, hakutafuta nafasi Kinshasa. Alirudi Lemera, na baadaye akawa muganga mkurugenzi.

Wakati ule lilikuwako wazo kubwa. Septemba 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubaliana kwamba matunzo ya kwanza ya afya yafike karibu na watu, si kungoja watu wayafuate mjini. Katika miaka ya 1980 Zaire iligawanya nchi yote katika zoni za afya. Kila zoni iwe na vituo vya afya vijijini, na hospitali moja ya kupokea wagonjwa walioshinda vituo. Mahali ambapo hospitali ya namna hiyo ilikuwa na dawa na muganga wa kupasua, mama wa mlimani alikuwa na tumaini.

Wapo wanaosema kwamba watu wa vijijini wanakufa kwa sababu hawapendi hospitali, wanashikilia mila tu. Lemera inawajibu. Akina mama wale walitembea, ao walibebwa kwenye kipoyi, wakiwa katika uchungu, kwa sababu walijua kwamba mwisho wa njia kuna mtu wa kuwapokea. Kilichowaua wengi ni umbali.

Tarehe 6 Oktoba 1996, vita ilipoanza, watu wenye silaha walishambulia Lemera. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inahesabu zaidi ya watu 30 waliouawa, wakiwemo wagonjwa na wafanyakazi wa hospitali. Vifaa viliporwa. Mukwege aliokoka. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Dunia nzima inajua Panzi, na ni haki yake. Lakini tuone pia upande wa pili: ujuzi uliokuwa mlimani ulihamia mjini. Hospitali ya Lemera ilifunguliwa tena na ingali inahudumia watu, lakini miaka iliyokatika na waganga waliopotea havirudishwi kwa kupaka kuta rangi.

Wala sisi wa mjini tusijidanganye kwamba tumepona. Kutoka Rugenge mpaka hospitali kuu ya Uvira ni safari fupi ya pikipiki, lakini maji yetu yanatuumiza. Watafiti waliolinganisha kazi ya mtambo wa maji na wagonjwa wa kipindupindu hapa Uvira, kuanzia 2009 mpaka 2014, walikuta kwamba maji ya bomba yakikatika kabisa, wagonjwa wanaongezeka zaidi ya mara mbili katika siku 12 zinazofuata. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu, ukabomoa nyumba na kuharibu pia mtambo huo. Kwa hiyo kijiji na mji vina ugonjwa mmoja: kitu kinajengwa, kisha hakilindwi.

Ndiyo maana neno maendeleo endelevu lisituishie kwenye semina. Septemba 2023 serikali ilizindua Kinshasa mpango wa kuzalisha akina mama bila malipo. Ni hatua nzuri. Lakini mama wa mlimani anayehitaji kupasuliwa usiku, kuzaa bure kunamsaidia nini ikiwa barabara imekatika, ao muganga hayupo? Feza za kitanda zimeondolewa, kilomita zimebaki.

Hospitali ya Lemera inatuonyesha kwamba tofauti hii haikuletwa na Mungu wala na milima. Ililetwa na vita na maamuzi ya watu, na watu wanaweza kuipunguza. Kiongozi akija kutuomba kura, tusimuulize tu atajenga nini hapa mjini. Tumuulize ni muganga gani atakubali kuishi Lemera, atalipwa na nani kila mwezi, na nani atamlinda.