Kiwiko cha Mtoto: Kufunga Si Kukaza



Ni usiku wa Ramadhan. Watu washafuturu, wazee wako tarawehe, watoto wako nje wanacheza. Mara kilio! Mmoja kaanguka kutoka ukutani, kajikinga kwa kiganja, na sasa kiwiko kimefura. Kila mtu ana lake. "Mkandeni!" "Mpelekeni kwa mzee amuunge!" "Mfungeni, mkazeni sawasawa!" Hebu tusimame hapo kwenye neno "mkazeni". Lina historia ndefu, na limewatia watoto wengi kilema.

Elimu ya kuunga mifupa si ngeni kwetu Waislamu. Abul-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki takriban mwaka 1013, aliandika kitabu kiitwacho At-Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake mna mlango mzima wa mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka. Karne ya 12 ilifasiriwa kwa Kilatini, na Wazungu wakaisoma kwa mamia ya miaka. Naye Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alishauri katika Al-Qanun kwamba gango lisiharakishwe siku za mwanzo. Fikiria mwenyewe: mfupa ukivunjika, mahali pale hufura. Ukikaza siku ya kwanza, uvimbe utakwenda wapi?

Mwaka 1881, huko Halle, Ujerumani, daktari Richard von Volkmann aliandika juu ya wagonjwa ambao vidole vyao vilijikunja kama makucha baada ya kuvunjika mkono. Akasema ubaya haukuwa kwenye mfupa. Ni misuli iliyokosa damu, na bendeji iliyokazwa mno ndiyo iliyoinyima. Baadaye ikajulikana kwamba hata uvimbe peke yake, au mfupa unaobana mshipa, unaweza kufanya hivyo. Misuli ikikosa damu kwa saa chache tu hufa, kisha husinyaa. Mfupa utaunga, lakini mkono hautashika kalamu.

Mwaka 1895 Röntgen akagundua eksirei, na mfupa ukaonekana bila kupasua. Hata hivyo, kiwiko cha mtoto kinadanganya. Sehemu zake nyingi bado ni gegedu, ambayo eksirei haiionyeshi. Vituo 6 vya mfupa hujitokeza kimoja kimoja, kuanzia karibu mwaka 1 hadi karibu miaka 11. Ndiyo maana daktari huuliza umri, na hutazama pia kivuli cha mafuta nyuma ya kiwiko: kikionekana, huenda kuna damu ndani, hata kama ufa hauonekani.

Mvunjiko ulio wa kawaida zaidi ni ule wa juu kidogo ya kiwiko. Mwaka 1959 daktari Gartland aliugawa daraja 3: ambao mfupa haukusogea, uliosogea lakini bado umeshikana nyuma, na uliotengana kabisa. Wa kwanza hutibiwa kwa plasta. Uliotengana hurudishwa mahali pake mtoto akiwa amelazwa usingizi, kisha hushikiliwa kwa pini nyembamba za chuma kwa wiki 3 au 4 hivi. Zamani kiwiko kilikunjwa sana ili mfupa usiteleze, na kule kukunja ndiko kulikobana mshipa. Pini ziliondoa haja hiyo.

Basi wewe ufanye nini? Usivute, usikande. Mtegemezee mkono kwa ubao au gazeti lililokunjwa, ufunge kwa ulegevu jinsi ulivyo, umkimbize hospitali usiku huo huo. Usimpe chakula wala kinywaji mpaka daktari aseme, kwani huenda akalazwa usingizi. Njiani tazama vidole: vina joto? Vina rangi yake? Mwambie afanye duara kwa gumba na kidole cha shahada. Akishindwa, mwambie daktari. Na hata baada ya plasta, maumivu yakizidi badala ya kupungua, au akilia ukimnyoosha vidole, usingoje asubuhi. Rudi!

Na mzee wetu wa kuunga tumheshimu, ila tumwambie kwa adabu: "Mzee, kwanza twende tukapigwe picha."

Mola atuhifadhie watoto wetu. Amin.