Neno Letu Lililopanda Ndege

Mwezi wa nne mwaka 2025, saa tano usiku, rafiki yangu anayeishi Ujerumani alinitumia ujumbe. Tulisoma naye chuo, na si mtu wa kuandika usiku bila sababu. Yeye na mkewe walikuwa wamekata tiketi za kwenda kisiwa cha Réunion, likizo waliyoiwekea akiba mwaka mzima. Sasa mkewe ana mimba ya miezi sita, na huko kisiwani kumelipuka ugonjwa. "Wewe si mtu wa Newala? Hii chikungunya ni nini? Mtandaoni wanasema ni neno la Kiswahili. Mbona mimi Mswahili sijawahi kulisikia?"

Nilicheka kwanza, halafu nikaona aibu kidogo. Jibu nililijua nusu tu. Nilijua kwamba si Kiswahili, ni Kimakonde. Lakini kwamba neno la nyumbani kwetu ndilo linalowafanya watu wa Ulaya wabadilishe tarehe za safari, hilo sikuwahi kulikalia chini na kulifikiria.

Basi nilipokwenda Newala kuwasalimia, nilimuuliza bibi. Kwa hesabu zetu za nyumbani amepita miaka 80, maana yake mwaka 1952 alikuwa binti wa miaka kumi hivi. Nilitegemea hadithi ndefu. Hakunipa. Aliinua kidole chake cha shahada, akakinyoosha, halafu akakikunja taratibu mpaka kikafanana na kulabu. "Kukungunyala," akasema. "Hivyo tu. Si jina la ugonjwa, mjukuu wangu. Ni kile kinachokukunja." Halafu akaongeza kwamba baba yake alishindwa kushika jembe, na kwamba nyumba nzima ililala.

Hiyo *chi-* ya mwanzo ni ndugu wa *ki-* yetu ya Kiswahili. Kwa hiyo ukitaka kulileta neno kwenye Kiswahili, ni kama kusema "kikunjacho".

Mlipuko huo wa 1952 hadi 1953 uliingia kwenye vitabu vya tiba kwa sababu ya watu watatu. Marion Robinson alieleza dalili: homa ya ghafla, vipele, na maumivu ya viungo yanayomfanya mtu ashindwe kusimama wima. W. H. R. Lumsden alieleza namna ugonjwa ulivyosambaa vijijini. Maandishi yao yote mawili yalitoka mwaka 1955. Wa tatu, R. W. Ross, alikitenga kirusi chenyewe, na makala yake ya 1956 ilibeba jina la Newala kwenye kichwa chake. Lumsden na Ross walitoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, ileile ambayo watafiti wake walikipata kirusi cha Zika mwaka 1947 katika msitu wa Zika. Ukiangalia ramani ya magonjwa ya mbu duniani, ni kama orodha ya vituo vya basi Afrika Mashariki: West Nile, Zika, o'nyong'nyong ya Waacholi, na sisi.

Kwa nini huku kwetu? Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu wengi hupita haraka. Anayetoka Masasi kuja Newala anaijua ile hali: Masasi iko chini, kwenye milima ya mawe, halafu gari linaanza kupanda, na ghafla uko juu kwenye tambarare ya mchanga na mikorosho. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaona bonde lote la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Mandhari mazuri sana ya kupiga picha. Lakini mchanga ule haukai na maji. Mvua ikinyesha inazama yote na kwenda kutokea chini kabisa, miguuni mwa mteremko. Huku juu hakuna mto.

Kwa hiyo mwanamke wa Newala wa enzi za bibi alishuka alfajiri na kupanda na mtungi kichwani, na maji yale hayamwagwi ovyo. Yanawekwa ndani, kwenye mitungi na madebe, siku baada ya siku. Na mbu aina ya *Aedes aegypti* hahitaji bwawa. Mtungi ndani ya nyumba unamtosha. Anauma mchana, wakati chandarua kimefungwa juu. Lumsden aliliona hilo, la maji yanayotunzwa ndani. Mimi nalisema kwa lugha ya nyumbani: ugonjwa ule ulikuwa wa watu wanaofuata maji mbali.

Kuna jambo linanikera. Sampuli za damu zilizochukuliwa kwa wagonjwa wa Tanganyika miaka ile bado zinaishi, kwa maana ya virusi vilivyotengwa kutoka humo. Kimoja kinaitwa S27, kingine kinaitwa Ross, na maabara za dunia zinavitumia mpaka leo kama kipimo cha kulinganishia. Ross tunamjua. Aliyetoa damu hatumjui. Huenda ni mtu niliyezikwa karibu na makaburi yake kila Idi ninapopita kusoma dua, lakini jina lake halikubaki hata kwa herufi moja.

Sasa turudi visiwani. Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu. Uchunguzi wa damu uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Ikashuka Mombasa, mwaka uliofuata ikaingia Komoro, halafu Mayotte, Mauritius, Shelisheli na Réunion. Njia ileile ya majahazi ya zamani, ila safari hii kwa ndege.

Réunion ilikuwa na bahati, au ndivyo walivyodhani. *Aedes aegypti*, yule mbu wa mitungi ya kwetu, kule ni wachache. Waliojaa ni *Aedes albopictus*, mbu weusi wenye mistari myeupe wanaopenda bustani, ambao kwa kawaida hawakibebi kirusi hiki vizuri. Mwaka 2005 ugonjwa ukasuasua, ikaonekana kama utaisha. Halafu ukalipuka upya, na mwezi wa pili mwaka 2006 ikafika wiki moja yenye wagonjwa zaidi ya 40,000.

Watafiti wa Ufaransa walipokisoma kirusi hicho herufi kwa herufi na kukilinganisha na S27, yaani na damu ya kwetu ya miaka ya hamsini, waliona kitu kidogo sana. Kwenye protini ya ganda lake la nje iitwayo E1, nafasi ya 226, kiungo kimoja kilikuwa kimebadilika, alanini ikawa valini. Sampuli za mwanzo wa mlipuko hazikuwa na badiliko hilo. Za baadaye karibu zote zilikuwa nalo. Mwaka 2007 majaribio yalithibitisha kwamba badiliko hilo moja lilikifanya kirusi kimkubali mbu wa bustani kwa urahisi zaidi. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, kikatengeneza ufunguo.

Walioambukizwa Réunion walifikia kama 266,000, zaidi ya theluthi ya watu wa kisiwa. Vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na ugonjwa. Madaktari waligundua pia kwamba mama mwenye homa wakati wa kujifungua anaweza kumwambukiza mtoto. Na watalii? Waliofika mwaka 2006 walipungua kwa karibu theluthi. Mwaka 2007 kirusi kilifika vijiji viwili karibu na Ravenna, Italia, kikiletwa na msafiri aliyetoka India, na hapo ndipo Ulaya ilipoanza kulitamka neno la bibi yangu kwa uangalifu.

Wazanzibari wanaweza kusema hili si geni. Daktari Mskoti James Christie aliyefanya kazi Unguja aliandika kuhusu homa ya viungo iliyoenea mwaka 1870, wenyeji wakiiita kidinga pepo, na wazee wakikumbuka nyingine ya mwaka 1823. Wapo wanaosema neno dengue lenyewe lilitoka hapo. Na mwaka 1971 mtafiti mmoja alitoa hoja kwamba kwa dalili zile, kilichowapata watu wa Unguja huenda hakikuwa dengue kabisa, kilikuwa chikungunya. Yaani tumewapa walimwengu majina mawili, na wakayachanganya.

Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwezi wa kumi na moja mwaka 2023, miaka 70 baada ya Newala. Soko lililofikiriwa kwanza lilikuwa la wasafiri. Silaumu, msafiri naye ana viungo vinavyouma. Ila nimeshakaa kwenye foleni za zahanati za wilaya zetu, na homa ikiingia huku inapimwa malaria kwanza. Isipoonekana malaria, unapewa panadoli na kuambiwa upumzike. Ni wangapi hukunjwa na chikungunya bila jina lake kuandikwa popote, hapa ambapo jina limezaliwa?

Rafiki yangu nilimjibu usiku uleule: kwa hali ya mkeo, msiende. Ushauri wa kawaida kwa wajawazito ni kuifikiria upya safari, hasa siku za kujifungua zikikaribia. Mwaka ule Réunion walithibitishwa wagonjwa zaidi ya 50,000. Walibadilisha, wakaenda kisiwa kimoja cha bahari ya Baltiki, akanitumia picha wamevaa makoti.

Bibi nilimsimulia yote haya, pamoja na picha. Aliiangalia simu kwa muda.

"Hicho kisiwa cha kwanza, maji wanafuata wapi?"

"Hawafuati, bibi. Wana bomba ndani ya nyumba."

"Sasa mbu anakaa wapi?"

Nikamwambia mbu wao anazaliana nje, hata kwenye visahani wanavyoweka chini ya vyungu vya maua, maji yanapotuama humo. Akanitazama kuona kama ninamtania.

"Visahani vya maua," akasema, na akarudia kwa Kimakonde kumwambia shangazi aliyekuwa anabangua korosho pale barazani.