Mwanahistoria Aliyetoroka Kambi ya Franco

Juma hili namzungumzia mwanahistoria ambaye jina lake halisikiki sana katika redio zetu, Nicolás Sánchez-Albornoz wa Hispania. Maisha ya wanahistoria wengi ni maktaba na chaki, na ukiyasimulia hewani watu watasinzia. Huyu hasinzishi mtu.

Alizaliwa Madrid mwaka 1926. Baba yake, Claudio, alikuwa bingwa wa historia ya Hispania ya zama za kati, na mwaka 1933 alishika Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje katika serikali ya Jamhuri. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1939, Jenerali Franco akiwa mshindi, mzee huyo hakuwa na pa kurudi. Akaishia Argentina. Mtoto akaja kusoma Chuo Kikuu cha Madrid, akiwa na jina ambalo watawala hawakutaka kulisikia.

Hakukaa kimya. Yeye na wenzake walijaribu kukifufua chama cha wanafunzi kilichopigwa marufuku. Waliandika ukutani kudai chuo kikuu huru, wakitumia nitrati ya fedha, kemikali inayong'ang'ania. Maandishi yalisuguliwa, wapi! Mwaka 1947 Nicolás akakamatwa, na mahakama ya kijeshi ikamfunga miaka 6.

Alipelekwa Cuelgamuros, katika milima iliyo karibu na Madrid. Huko Franco alikuwa ameamuru tangu mwaka 1940 lijengwe kaburi kubwa la kutukuza ushindi wake, kanisa lililochimbwa ndani ya mwamba, na juu yake msalaba wa mita 150. Liliitwa Valle de los Caídos, yaani Bonde la Waliokufa Vitani. Miongoni mwa waliolijenga walikuwa wafungwa wa kisiasa.

Kijana msomi alipangiwa kazi ya ofisini, na hapa ndipo kisa kinaponigusa zaidi. Utaratibu wenyewe ulikuwa biashara. Wakandarasi waliilipa serikali ujira wa wafungwa, naye mfungwa akapata sehemu ndogo tu, pamoja na kupunguziwa siku za kifungo. Dola ikamfunga mtu, kisha ikamkodisha. Wakaliita jambo hilo kukomboa adhabu kwa kazi! Mwenye kuyaona mambo hayo kutoka mezani pa karani hahitaji kuelezwa na profesa uchumi wa udikteta ni kitu gani.

Agosti mwaka 1948 yeye na mfungwa mwenzake, Manuel Lamana, wakatoroka. Kutoka kambini hakukuwa kazi kubwa, maana haikuzungushiwa ukuta. Kazi ilikuwa kutoka Hispania. Rafiki yao, Paco Benet, alikuja na wasichana wawili Wamarekani, mmoja wao dada wa mwandishi Norman Mailer, wakiwa na gari la mwandishi huyo. Nani angewashuku watalii? Wakaendesha hadi Barcelona, na watoro wakavuka milima ya Pyrenees kwa miguu kuingia Ufaransa.

Kutoka hapo akamfuata baba yake Argentina. Akawa mwanahistoria wa hesabu, tofauti kabisa na mzee wake aliyezama katika wafalme na hati za kale. Nicolás alifuatilia bei za ngano na njaa ya Hispania ya karne ya 19, na mwaka 1973 akatoa kitabu kuhusu idadi ya watu wa Amerika ya Kusini na ya Kati tangu kabla ya Columbus. Kabla ya hapo, mwaka 1966, wanajeshi walipindua serikali ya Argentina na kuvivamia vyuo vikuu. Akafunga virago tena, safari hii kwenda New York, alikofundisha miaka mingi.

Mwaka 1991 Hispania iliyokwisha rudi kwenye demokrasia ilimpa kazi ya kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Cervantes, inayoeneza lugha ya Kihispania duniani. Aliishika hadi mwaka 1996.

Na lile bonde? Lilifunguliwa mwaka 1959. Mabaki ya watu zaidi ya 33,000 yalizikwa humo, wakiwemo wengi wa upande wa Jamhuri waliofukuliwa kwingine na kuhamishwa bila familia zao kuulizwa. Franco mwenyewe akazikwa humo mwaka 1975, nyuma ya altare. Oktoba 24, mwaka 2019, jeneza lake lilitolewa, na sheria ya mwaka 2022 ikalirudishia bonde jina lake la zamani, Cuelgamuros. Siku jeneza lilipotolewa, yule karani mtoro alikuwa na umri wa miaka 93.