Retikulamu: wavu wa Warumi katika lugha ya sayansi

Retikulamu ni jina la kisayansi la umbo lililosukwa mithili ya wavu. Asili yake ni Kilatini: rete ni wavu, na reticulum ni wavu mdogo. Warumi wa kale waliita hivyo mfuko wa nyuzi wa kubebea vitu na kimia cha kufungia nywele.

Katika elimu ya mifugo, retikulamu ni chumba cha pili kati ya vyumba vinne vya tumbo la ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ukuta wake wa ndani una matuta yanayokutana na kuacha vishimo kama vya sega la nyuki. Hapo chakula huchambuliwa: kilicholainika husonga mbele, kisicholainika hurudishwa kinywani na kucheuliwa. Misumari na vipande vya waya ambavyo ng'ombe humeza hunasa humo pia. Kwa kuwa chumba hicho kiko karibu na moyo, ncha kali ikipenya huweza kumuua mnyama.

Mwanaastronomia Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alilipandisha jina hilo angani. Mwaka 1751 na 1752 alipima nyota za kusini akiwa Rasi ya Tumaini Jema, kisha akaliita kundinyota moja dogo Reticulum, kwa heshima ya nyuzi zilizopishana ndani ya darubini yake, ambazo zilimwezesha kupima mahali pa kila nyota.

Katika seli, jina hilo lilikuja na hadubini ya elektroni. Mwaka 1945, jijini New York, Keith Porter, Albert Claude na Ernest Fullam walichapisha picha za seli za kiinitete cha kuku zenye utando uliotandazwa kama kimia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Porter aliuita retikulamu ya endoplazimu. Jina lilifuata umbo. Kazi ilieleweka baadaye. Sehemu yenye ribosomu hutengeneza protini, na sehemu laini hutengeneza mafuta. Katika misuli, retikulamu hutunza kalisi na kuiachia misuli inapojikunja.

Shina hilohilo limo katika Giraffa reticulata, jina la twiga wa Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, ambaye mabaka yake ya kahawia hutenganishwa na mistari myeupe inayounda wavu mwili mzima.