Damu ya Bumbire na Sheria ya Majini
Kisiwa cha Bumbire kimo katika Ziwa Victoria, wilayani Muleba, kusini mwa Bukoba. Tarehe 28 Aprili 1875 mashua ya Henry Morton Stanley, Lady Alice, ilifika hapo kutafuta chakula. Wenyeji waliivuta hadi nchi kavu, wakachukua makasia. Wadi Safeni, mwungwana wa Unguja aliyeongoza mabaharia, alijaribu kuwasemesha kwa upole. Ilipoonekana hakuna suluhu, mabaharia waliisukuma mashua majini, na Stanley akafyatua bunduki. Watu walikufa. Kwa kukosa makasia, mabaharia waling'oa mbao za sakafu ya mashua wakapigia maji.

Kwa siku hiyo Stanley anaweza kutetewa. Alikuwa anaokoa roho yake na za wenzake. Kwa tarehe 4 Agosti sioni utetezi. Alirudi na wapiganaji wa Kabaka Mutesa wa Buganda wakiwa kwenye mitumbwi yao, baada ya kumteka Sheka, mtawala wa Bumbire. Alipanga mitumbwi mbali kidogo na ufuko, pale jiwe na mshale visipofika lakini risasi inafika. Kwa hesabu yake mwenyewe aliua zaidi ya watu 30. Aliyaandika hayo waziwazi, magazeti ya London na New York yakayachapa. Mwaka 1876 H. M. Hyndman na Henry Yule walitaka Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia imlaani. Hakuna mahakama iliyomwita.

Wakati huohuo, sheria ya Uingereza ya mwaka 1837 ilimhukumu kifo haramia aliyejaribu kuua au kujeruhi mtu katika uharamia wake. Adhabu hiyo ilidumu hadi 1998. Lakini ililinda vyombo vya baharini. Mtu wa Bumbire aliyesimama ufukweni kwake hakuwamo.

Hata leo ziwa hili, Rweru la Wahaya, haliingii katika uharamia wa kisheria. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ibara ya 101, unataka tendo litokee bahari kuu au mahali pasipo na mamlaka ya nchi yoyote. Ziwa Victoria limegawanywa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya, na kila wimbi lina mwenyewe. Wavuvi wa visiwa vya Goziba na Kerebe husema wamevamiwa na maharamia. Lakini hati ya mashtaka itasema unyang'anyi wa kutumia silaha, au mauaji.

Tofauti hiyo si ya jina tu. Mwaka 2006 Wasomali kumi walihukumiwa Mombasa kwa uharamia, kila mmoja miaka saba. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, uharamia wa baharini unaweza kumfikisha mtu kifungo cha maisha. Unyang'anyi wa kutumia silaha, hata ziwani, hauna kifungo chini ya miaka 30. Mtu akiuawa, adhabu ya muuaji ni kunyongwa, ingawa nchi haijamnyonga mtu tangu 1994, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilisema kumlazimisha jaji kutoa hukumu hiyo pekee kunakiuka haki ya kuishi.

Linalonikera zaidi ni kifo kisicho na risasi. Wezi wanachukua injini na nyavu, wanawaacha wavuvi katikati ya maji usiku, upepo unachafuka, mtumbwi unazama. Nani ameua? Kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu kinajibu: anayejua kwamba tendo lake yaelekea litasababisha kifo ana dhamira ya kuua, hata kama alitaka injini tu. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa hawezi kudai hakujua. Nadhani mashtaka ya mauaji yanastahili hapo, unyang'anyi peke yake hautoshi.

Ugumu ni ushahidi. Mwili huenda usipatikane, na maji hayabaki na alama. Kinachobaki mara nyingi ni injini yenyewe, maana akikutwa nayo mtu muda mfupi baada ya wizi, sheria inamtaka aeleze aliipataje. Kwa hiyo mwenye mtumbwi pale mwaloni aiandike namba ya injini yake daftarini, na daftari libaki nyumbani.