Mfumo wa toleo mfululizo na ngazi za kupata vipengele vipya mapema

Mfumo wa toleo mfululizo ni mfumo endeshi wa kompyuta ambao kila programu yake, kuanzia kerneli hadi kivinjari, husasishwa pindi toleo jipya la programu hiyo linapokuwa tayari. Kompyuta husakinishwa mara moja, kisha huendelea kusasishwa kwa miaka bila kusakinishwa upya. Kinyume chake ni mfumo wa toleo maalumu: Ubuntu, inayotoka kila baada ya miezi sita tangu Oktoba 2004, au tawi thabiti la Debian, linalotoka takriban kila miaka miwili. Huko programu hugandishwa kabla ya toleo, na baada ya hapo hupokea marekebisho ya kasoro na ya usalama, si vipengele vipya.

Pengo la muda kati ya aina hizi mbili ni kubwa. Mazingira ya kazi ya KDE Plasma 6 yalitolewa tarehe 28 Februari 2024. Watumiaji wa Arch Linux na openSUSE Tumbleweed, mifumo ya toleo mfululizo, waliyapata Machi mwaka huohuo. Watumiaji wa Debian thabiti walisubiri Debian 13, Agosti 2025. Anayeona uzito wa miezi hiyo zaidi ya wote si mpenda mapambo ya skrini, bali mwenye kompyuta mpakato mpya ambayo kadi yake ya Wi-Fi haitambuliwi na kerneli ya zamani. Kerneli ya Linux hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na viendeshi vya vifaa vipya huja nayo.

Upya na ukamilifu ni sifa mbili tofauti. Programu iliyokwisha kutolewa rasmi na watunzi wake ni mpya lakini imekamilika; programu ya majaribio bado inajengwa. Mfumo wa toleo mfululizo kwa kawaida hutoa ile ya kwanza. Ya pili hupatikana kwa anayeichagua kwa makusudi, na kila mfumo una ngazi zake. Arch, iliyoanzishwa na Judd Vinet mwaka 2002, ina hazina za kawaida na, kando yake, hazina za majaribio ambamo pakiti hukaa hadi zithibitishwe. Debian ina ngazi tatu juu ya tawi thabiti: experimental, kisha unstable iitwayo sid, kisha testing, ambako pakiti kwa kawaida huingia baada ya siku 2 hadi 10 ikiwa haijagunduliwa kasoro nzito. Katika Tumbleweed, mabadiliko hupitia openQA, mfumo wa majaribio ya kiotomatiki unaosakinisha mfumo mzima na kuufungua kama mtumiaji angefanya; kinachofeli hakitoki. Kwa maoni ya makala hii, huo ndio utaratibu bora kuliko zote. Rawhide ya Fedora hukaa mbele kabisa, na Manjaro huchelewesha pakiti za Arch kwa makusudi.

Gentoo ni aina ya pekee. Mtumiaji wake hujenga programu kutoka msimbo chanzo na anaweza kuruhusu toleo la majaribio la programu moja tu, nyingine zikabaki za kawaida. Arch haiungi mkono jambo linalofanana na hilo: kusasisha pakiti moja na kuziacha zilizobaki kunaweza kuvunja maktaba zinazotumiwa kwa pamoja, na programu nyingine zikakataa kufunguka.

Mpango wa Windows Insider, ulioanza 2014, ni jamaa wa mbali. Mwaka 2024 ulikuwa na mikondo ya Canary, Dev, Beta na Release Preview, lakini vipengele viliwashwa kidogokidogo, hivyo kompyuta mbili za mkondo mmoja ziliweza kutofautiana.

Hatari kuu ya kuwahi ilionekana tarehe 29 Machi 2024. Mhandisi Andres Freund, akichunguza kwa nini kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kulichelewa takriban nusu sekunde kwenye Debian sid, aligundua mlango wa siri uliopandikizwa katika programu ya kubana data ya xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Matoleo hayo yalikuwa yamekwisha kufika katika sid, Tumbleweed na Rawhide. Debian thabiti haikuguswa. Hata hivyo, aliyegundua alikuwa mtumiaji wa ngazi ya mbele. Hiyo ndiyo kazi halisi ya ngazi hizo: kasoro hukamatwa kabla ya kuwafikia wengi. Wafasiri nao wana nafasi humo. Tangu Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice ya Kiswahili, ilipotolewa mwaka 2004 kwa juhudi za mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tafsiri ya Kiswahili huhitaji macho ya kuisoma kwenye skrini yenyewe kabla toleo halijafungwa.

Katika miji ya kusini mwa Tanzania kama Masasi, chini kwenye tambarare yenye vilima vya mawe, na Newala, juu ukingoni mwa uwanda wa Makonde, gharama ya kwanza ya kuwahi ni bando. Sasisho la wiki chache laweza kuzidi gigabaiti moja, na Tumbleweed inapobadilisha kikusanyaji cha msimbo, karibu kila pakiti hujengwa na kupakuliwa upya. Kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ya Tanzania ilidorora kwa siku kadhaa. Mfumo unaotegemea kupakua mara kwa mara huumia zaidi wakati kama huo. Njia ya kupunguza gharama ni kompyuta moja kupakua kwa bando la usiku, kisha pakiti zilizohifadhiwa kwenye akiba ya kisakinishi (kwa Arch, pacman) kuhamishwa kwa flashi hadi kompyuta nyingine zenye mfumo uleule.

Matumizi huamua ngazi. Kompyuta ya mwanafunzi wa programu, ya mfasiri au ya fundi anayejifunza hustahili toleo mfululizo, hata hazina za majaribio. Kompyuta ya chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) kilicho chini ya chama kikuu cha TANECU au MAMCU, inayotunza hesabu za korosho msimu wa minada unapoanza Oktoba, haistahili. Hapo malipo ya mkulima hutegemea mashine kuwaka kila asubuhi, na Debian thabiti ndiyo mahali pake. Ikilazimu kompyuta ya toleo mfululizo itumike, sasisho la mwisho hufanywa kabla ya msimu, na diski huwekwa kwa muundo wa Btrfs. Hapo programu ya Snapper, ikiwa imesanidiwa, huhifadhi hali ya mfumo kabla ya kila sasisho, na kompyuta iliyogoma hurudishwa katika hali hiyo kutoka orodha ya kuwashia, bila kupakua chochote.