Pongwe: picha zipo, majina hayapo

Wadau, kuna swali linanisumbua mwenzenu kila ninapobeba kamera kwenda Pongwe. Hivi picha ni ya nani, ya aliyepiga au ya aliyepigwa?

Kwa wasiopafahamu, Pongwe unaipita ukitoka Tanga mjini kwa barabara ya Muheza na Segera. Ni mahali pa mawe ya chokaa, mkonge na reli. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 na kufika Muheza mwaka 1896. Mwaka huo huo wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani, na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Asili yake ni Yucatán, Meksiko. Yaani mmea tunaojivunia sisi watu wa Tanga kama vile tulizaliwa nao ni mgeni kutoka ng'ambo kabisa!

Na kamera ilikuja na watu hao hao. Mpiga picha mmoja wa enzi hizo, Walther Dobbertin, aliizunguka koloni ya Wajerumani na negativu zake za vioo hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Picha zake ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, na mwishoni mwa mwaka 2008 hifadhi hiyo ilipotoa picha karibu 80,000 kwenye intaneti, nyingi za kwake zilikuwamo. Nimekesha nazo usiku mwingi. Jamaa alikuwa fundi, tusimnyime haki yake. Anajua mwanga, anajua kumsimamisha mtu. Lakini soma maelezo yaliyo chini ya picha. Afisa wa Kijerumani ana jina na cheo. Mwafrika aliyesimama pembeni yake mara nyingi ni "askari", au "mpagazi", basi. Mtu mzima, ana mama, ana mke, ana utani wake, historia imemwandika kwa kazi aliyokuwa akifanya siku ile.

Waingereza walipochukua nchi mambo hayakuwa mbali na hapo. Mashamba ya mkonge yalitaka watu wengi, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kuwakusanya vibarua kutoka Songea, Kigoma, hadi Ruanda-Urundi. Kibarua alipewa kipande: siku 30 za kazi, azimalize ndani ya siku 42. Alipewa na namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba, neno ambalo leo tunalitamka bila hata kufikiri limetoka wapi. Ukiunganisha na picha za Dobbertin unapata ukoo mzima wa watu wa upande wetu ambao kumbukumbu yao ni sura bila jina, au namba bila sura.

Lakini kamera haikubaki mikononi mwa wakubwa. Katika pwani hii hii, mwaka 1930, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, Unguja. Alimpiga Sultani, na aliwapiga pia watu wa kawaida waliokuja kwa miguu yao na hela yao. Kaskazini zaidi, Lamu, alikuwepo Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe, ambaye alikata na kuunganisha picha mpaka kichwa cha mteja kikachomoza katikati ya ua. Wengine watasema huo ni mchezo. Mimi naona pale mteja ndiye bosi. Anachagua saa ya mkononi, koti (hata kama ni la kuazima), pazia lililochorwa nyuma yake. Anamwambia mpiga picha: nione hivi.

Hilo nimekutana nalo Pongwe kwa macho yangu. Nilikuwa nafuatilia habari ya kina mama wanaogonga kokoto. Nikamwamkia mmoja, nikaomba kumpiga picha. Alikuwa kapakaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na kwa jicho la gazeti hiyo ndiyo picha yenyewe. Akanyanyua mkono. "Mwanangu, hivi hapana. Ningoje." Akaenda nyumbani, akaoga, akarudi na khanga mpya na hereni, akakaa juu ya rundo lake la kokoto kama malkia. Nikapiga.

Mhariri akaikataa. Alitaka vumbi. Aliniambia hii ni picha ya harusi, haionyeshi shida. Nikamjibu kwamba shida ameikalia, kokoto zote zile kazigonga yeye kwa nyundo ya mkono. Haikutoka. Habari ilichapwa bila picha, na sina hakika kama nilishinda au nilishindwa, maana wasomaji hawakumwona kabisa.

Nilikwenda kuisafisha kwa hela yangu, nikampelekea. Aliitazama kimya kwa muda mrefu, kisha akaigeuza nyuma kuona kama nimeandika kitu. Nilikuwa nimeandika jina lake, Pongwe, tarehe na mwaka. Akaniomba kalamu itumike tena, niongeze na jina la baba yake. Alikuja hapa manamba kutoka Songea, akasema, na picha hakuwahi kupigwa hata moja. Akanitajia majina yake matatu, polepole, moja moja, akiangalia mkono wangu ukiandika.